Noti Zenye Matundu

Nimeandika vibao sitini na viwili vya maonyesho ya historia ya fedha ya nchi yetu, na sitini na kimoja havikunipa shida yoyote. Kauri nilizimaliza asubuhi moja kabla ya chai. Shanga, majembe ya chuma, vitambaa vilivyopimwa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, sarafu za fedha zilizoletwa na wafanyabiashara waliokuja kununua pembe wakaondoka na mengi zaidi ya pembe, vyote hivyo nilivimaliza kwa wiki tatu. Mkurugenzi wa makumbusho akanisifu mbele ya wenzangu, jambo analolifanya kwa nadra na kwa shingo upande. Ugomvi ulianza tulipofika chumba cha tano.

Makumbusho yenyewe yako ghorofa ya chini ya Benki Kuu, vyumba saba vilivyopangwa kwa kufuata miaka. Mgeni anaanza na kauri na anamaliza na noti za leo, zenye sufuri nyingi na thamani kiduchu. Chumba cha tano ni cha mwaka wa kubadilisha noti. Mwaka ule serikali ilitangaza redioni kwamba noti zote za zamani zitakufa baada ya siku kumi na nne, na kila aliyekuwa nazo azipeleke kwenye dirisha la benki apewe mpya. Mkurugenzi aliniletea sentensi yake akiwa ameshaipiga chapa: "Zoezi lilikamilika kwa ufanisi na wananchi wote walihudumiwa."

Nikamwambia hiyo siiandiki.

"Kwa nini usiiandike?"

"Kwa sababu mama yangu ni mwananchi."

Hakunielewa, na sikumlaumu kwa hilo. Nilikuwa nimefanya kazi pale miaka kumi na tisa bila kumgusia mtu. Ukiwa mfanyakazi wa benki husemi hivi hivi kwamba mama yako aliwahi kuitwa mwizi wa benki.

Mama ni fundi wa cherehani. Mwaka ule mimi nilikuwa na miaka tisa, baba alikuwa ameshafariki, na tulikuwa tukikaa katika nyumba yake pamoja na shangazi, dada yake baba. Mama alikuwa akiweka akiba ya kununua cherehani ya pili. Akiba hiyo aliificha mahali ambapo fundi tu angepafikiria, ndani ya pindo la pazia la sebuleni. Alizikunja noti kwa urefu, akazipanga ndani ya pindo, halafu akashona kwa mkono. Mtu mwingine angezitia tu na kufunga ncha mbili. Lakini mama hawezi kuvumilia kitu kinachotembea ndani ya pindo. Upepo ukivuma noti zingekusanyika kona moja, pazia lingeinama upande, na mteja aliyekuja kupimwa angeona. Basi akapitisha sindano katika noti zenyewe, moja baada ya nyingine, zikatulia. Pazia letu liliteremka vizuri kuliko pazia la mtu yeyote mtaani, na shangazi alikuwa akilisifu kwa wageni bila kujua anachokisifu.

Siku ya kumi na mbili mama alifumua pindo, akazipiga noti pasi ya moto mdogo, akaenda benki. Karani wa dirishani aliinua noti ya kwanza kwenye mwanga, akaona safu mbili za vitundu zinazotazamana. Akainua ya pili, ya tatu, zote zilikuwa hivyo. Wakati huo noti zilizokwisha kubadilishwa zilikuwa zikitobolewa kwa mashine kabla ya kuchomwa, ili zisirudi mtaani, na wiki hiyo hiyo watu walikuwa wameiba mafungu kutoka chumba cha tanuri. Makarani wakapewa waraka: noti yenye tundu isipokewe, na anayeileta azuiliwe. Tundu la mashine lilikuwa pana kama punje ya mahindi, na la sindano hulioni mpaka ulitafute. Lakini waraka haukutaja ukubwa, na karani hakutaka kumwaga unga wake kwa kufikiri.

Mama alikaa kituo cha polisi siku mbili. Alipoachiliwa kwa kukosekana ushahidi, siku kumi na nne zilikuwa zimekwisha na noti zake arobaini na moja zimebaki benki. Nyumbani alikuta vyombo vyetu viko uani. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, akasema nyumba ya kaka yake haikai mwizi. Mama alijitwika cherehani, mimi nikabeba godoro langu, tukaondoka. Mtaani walikuwa wameshamwita Mama Matundu, na tulipohama jina lilihama nasi, maana majina ya namna hiyo hayalipi nauli.

Kwa miaka arobaini na tano mama alikuwa akisema jambo moja tu kuhusu habari hiyo: "Siku moja watazitazama zile noti vizuri." Hakutaka fedha. Alitaka asife akiwa mwizi. Mimi niliamini zilichomwa zamani, na nilimkasirikia kila mtu kwa niaba yake, kuanzia karani hadi redio yenyewe. Hasira hiyo sijawahi kuiombea radhi na sitaiombea leo.

Siku tuliyogombana na mkurugenzi nilishuka ghalani. Mtunza ghala tunamwita Kufuli, kwa sababu hamfungulii mtu mlango bila karatasi yenye mihuri miwili. Mimi nilikuwa na muhuri mmoja na uso uliokunjwa, akaona vinatosha.

"Unatafuta nini?"

"Noti zilizokataliwa mwaka wa kubadilisha noti."

"Hizo si zilichomwa?"

"Unacho cheti cha kuchomwa?"

Kufuli akachukua tochi yake. Kuna jambo ambalo watu wa nje hawalijui. Benki haichomi noti bila cheti kinachotaja thamani yake, na noti iliyokataliwa haina thamani ya kuandikwa. Huwezi kuilipa wala huwezi kuichoma, kwa hiyo inakaa. Tulipekua rafu mpaka adhuhuri, tukakuta sanduku la bati chini ya majembe yaliyokosa nafasi chumba cha pili. Mchwa walikuwa wamezitafuna bahasha zote pamoja na majina yaliyoandikwa juu yake, noti wakaziacha.

"Hata mchwa wamezikataa," Kufuli akasema.

Zilikuwa mamia, zimechanganyika ovyo: zilizoungua kona, zilizolowa, zenye matundu ya mashine, ya pini, ya misumari, ya panya. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni, ulikuwepo ule waraka. Nikausoma nikiwa nimechuchumaa. Ulikuwa na sentensi ya pili ambayo mama hakuwahi kusomewa: noti hizo zishikiliwe na benki mpaka wizi utakapothibitishwa. Niliirudia mara tatu, halafu nikampa Kufuli aisome, nisije nikawa naona ninachokitaka mwenyewe.

Kesho yake nikaupeleka waraka na sanduku ofisini kwa mkurugenzi. Alisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa haki yake.

"Pole sana kwa yaliyompata mama," akasema. "Lakini tundu ni tundu. Yule karani alifuata maagizo."

Nikamtolea uvivu. "Kauri zako kule chumba cha kwanza zimetobolewa mgongoni ili zitungwe kwenye uzi. Shanga isiyo na tundu si shanga. Zile sarafu za wakoloni zina tundu katikati, watu walizining'iniza kwenye kamba wakienda sokoni, na serikali ilizipokea kwa kodi bila kumpeleka mtu polisi. Nchi hii imelipana kwa vitu vyenye matundu miaka na miaka. La sindano ya mama yangu ndilo likawa wizi?"

"Na utajuaje zake ni zipi? Bahasha hazipo."

"Mwenyewe yupo."

"Mwenyewe anaweza kudai sanduku zima." Akavua miwani akajifuta uso. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyebakiza miaka miwili astaafu, na Gavana wa benki alikuwa anakuja kufungua maonyesho Jumatatu. "Nataka kibao changu Alhamisi. Kama hukiandiki, nitaandika mwenyewe, na mkataba wako ukiisha mwezi ujao usije kuniuliza kuhusu mwingine."

"Kesho namleta," nikasema.

Mama alikuja kwa mlango wa mbele, amevaa gauni alilolishona mwenyewe na viatu alivyokuwa akiviweka kwa ajili ya harusi. Ana miaka sabini na tisa. Katikati ya ukumbi akasimama, nikadhani ni magoti.

"Dirisha lilikuwa pale," akasema, akaonyesha ukuta ambao sasa una mashine ya kuuza soda. Kisha akaendelea kutembea.

Mkurugenzi alimwamkia kwa adabu, akamsogezea kiti. Kufuli alimwaga noti juu ya meza na kumpa mama glovu nyeupe tunazovaa tukishika vitu vya zamani. Mama akazirudisha.

"Nikivaa hizi nitahisi nini, mwanangu?"

Akaanza kuzichambua karibu na dirisha. Alikuwa akiinua noti, anaipitishia kidole gumba, anaitua kulia au kushoto. "Hii pini. Hii sindano ya gunia, huyu alikuwa mtu wa mizigo. Hii panya. Hii panya tena. Hii yangu." Hakusita hata mara moja. Ilimchukua saa nzima, na mkurugenzi ambaye hakai dakika kumi bila kupokea simu aliizima simu yake. Rundo la kushoto lilipokamilika nililihesabu, nikampa Kufuli naye akahesabu. Noti arobaini na moja.

"Mama, nakuheshimu sana," mkurugenzi akasema. "Lakini unazijuaje?"

"Wewe mwandiko wako unaujuaje?"

Akamwonyesha. Mama anashona mishono sita, wa saba anarudisha sindano nyuma na kuishindilia. Uzi ukikatika, pindo linafumuka kidogo tu halafu linagoma. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake mdogo, na ndivyo alivyoshona maisha yake yote, sketi za shule, suruali za maharusi, mapazia. Mkurugenzi akachukua lenzi. Vitundu sita vilivyoachana sawasawa, kisha viwili vilivyobanana, kisha sita, kisha viwili vilivyobanana. Noti ikikunjuliwa, safu mbili zinatazamana.

"Naona," akasema. "Lakini mtu mwingine atasema umeyahesabu matundu hapa hapa ndipo ukaja na maelezo."

Nilitaka kumrushia kitu. Mama alinishika mkono bila kunitazama, akafungua pochi yake, akatoa sindano na kidonge cha uzi, akaomba karatasi. Aliikata kwa kukadiria kwa macho tu mpaka ikalingana na noti, akaikunja kwa urefu, akashona huku akimuuliza Kufuli ana watoto wangapi na wa mwisho anasoma darasa la ngapi. Alipofika mwisho akakata fundo, akauchomoa uzi wote, akaikunjua karatasi na kumkabidhi mkurugenzi.

Akaiweka juu ya noti moja, akavibandika vyote viwili kwenye kioo cha dirisha. Havikulingana kila mahali, maana miaka arobaini na tano haipiti bure kwenye vidole vya mtu. Lakini ilikuwa sita na viwili, sita na viwili, na mwanga wa jua ukapenya sehemu kubwa ya vitundu vile vyote kwa pamoja. Mkurugenzi alivihesabu kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu, akiwa ametupa mgongo.

Alipogeuka alikuwa mtu mwingine, nusu yake angalau. "Benki inaweza kukulipa thamani yake, mama. Nitaandika barua leo."

Noti arobaini na moja za wakati ule hazinunui leo hata hicho kidonge cha uzi. Lakini si hilo lililomfanya mama atabasamu.

"Sikuja kubadilisha," akasema. "Siku zenu kumi na nne zilikwisha. Nilisikia redioni."

Nikakaa kwenye kona ya meza ile ile nikaandika kibao. Mkurugenzi alikisoma, akabadilisha neno moja ambalo lilikuwa tusi. Kisha akaongeza chini mstari unaokaa chini ya vibao vyetu vyote. Mama haoni vizuri maandishi madogo, akaniomba nimsomee. Nilisoma mpaka mwisho.

"Huo wa mwisho unasemaje?"

"Mali ya Benki Kuu."

"Ufute."

"Mama, huo ni utaratibu," mkurugenzi akasema. "Kila kitu humu ndani kina mstari huo."

"Kama ni mali ya benki, mimi nilizipata wapi?"

Ndipo nilipoelewa kwamba kibao kizima kinaweza kumsafisha na mstari mmoja ukamrudisha kituoni. Mama alisubiri jibu kwa heshima zote. Alipoona halipo, akaanza kuziokota noti zake na kuzitia kwenye pochi, moja moja, akizinyoosha kona.

"Huwezi kutoka nazo, mama. Nitalazimika kuita walinzi."

"Ita na polisi. Safari ile mliwaita, njia wanaijua."

Nikauweka waraka mbele yake, kidole kwenye sentensi ya pili. "Zishikiliwe mpaka wizi utakapothibitishwa. Nionyeshe karatasi iliyothibitisha. Kama ipo, nami nitaandika sentensi yako ya ufanisi, na nitaiandika kwa wino wa dhahabu." Kisha nikavua kitambulisho changu cha kazi nikakiweka juu ya waraka, ili asipoteze muda kunitishia nacho.

Mkurugenzi alitazama kitambulisho, akaitazama pochi. Jumatatu Gavana angeingia chumba cha tano na kukuta kabati la kioo halina kitu.

Kufuli ndiye aliyetuokoa, yeye ambaye hafungui kitu. "Si tuziazime?" akasema. "Yale majembe ya chumba cha pili si yetu, ni ya ukoo fulani, tumewaandikia fomu. Anajaza mwenye mali, anasaini, akizitaka anazichukua."

Fomu ikaletwa. Penye nafasi ya jina la mwenye mali mama aliandika majina yake matatu, polepole, herufi kubwa, na ikabidi jina la mwisho lipande pembezoni. Mkurugenzi akasaini chini yake kama mwazimaji. Mkataba wangu haukuongezwa, na hilo nililijua tangu siku ile. Sasa naandika barua na maombi ya watu nyumbani, kwenye meza iliyo karibu na cherehani, na sijutii hata siku moja.

Jumapili ile, siku moja kabla ya Gavana kuja, mama aliniambia nikodi teksi kesho yake nikamchukue shangazi.

"Shangazi yupi?"

"Una wangapi? Mwambie wifi yake amemwalika."

Sikutaka kabisa. Nilikuwa sijazungumza naye tangu nilipobeba lile godoro, na nilimwambia mama kwamba kama ni kusameheana wangefanya bila mimi. Mama akasema hakuna aliyetaja kusamehe. Basi nikaenda. Shangazi alikuwa tayari ameshavaa, ana miaka themanini na mbili na macho makali kama ya mwewe. Njia nzima aliongea habari za bei ya saruji, na mimi nikamwitikia kwa heshima, maana yeye ni shangazi yangu hata nikichukia.

Gavana alikata utepe, akahutubia, akapigiwa makofi. Watu wakaanza kupita vyumbani, kauri, majembe, sarafu, mpaka wakajaa chumba cha tano. Mama alikuwa amesimama kando ya kabati la kioo, pochi mkononi. Ndani, chini ya taa, noti zake zilikuwa zimekunjuliwa na vitundu vyake vinaonekana. Shangazi alipofika mbele yake walisalimiana kwa kushikana mikono. Mara ya mwisho nilipowaona pamoja nilikuwa na miaka tisa.

"Wifi," mama akasema, "macho yangu hayafiki pale. Nisomee."

Shangazi akainama kwenye kibao. "Noti arobaini na moja za mwaka wa kubadilisha noti. Matundu haya ni ya sindano. Mwenyewe, fundi wa cherehani, alizishona ndani ya pindo la pazia. Benki ilidhani ni noti zilizoibwa tanurini, ikazikataa, ikamtia mwenyewe kizuizini siku mbili. Hakuna wizi uliotokea."

Hapo akasita. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimeteleza, hakukirudisha.

"Hujamaliza," mama akasema.

"Mali ya fundi." Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka mimi niliyekuwa karibu niliisikia kwa shida. "Benki Kuu imeziazima."

Gavana alikuwa amesimama nyuma yetu, na mkurugenzi, na Kufuli amevaa tai, na watu wengine hamsini ambao hawakuwa na habari. Mama hakuwatazama. Alikuwa akimtazama wifi yake, bila chuki na bila haraka.

"Rudia, wifi," akasema. "Ugeuke uwasomee watu."

Shangazi akageuka, akawasomea.